Vile vidude vya kukalishia risasi kwenye bunduki za shabaha za kizamani vilikuwa vinafanya kazi gani hasa?

Kuna bunduki fulani za Marekani, za miaka ya 1880 mpaka kama 1915 hivi, zinaingia risasi moja tu kwa wakati, nzito, zimechongwa kwa ufundi wa hali ya juu, na kila ukikutana na picha ya moja iliyotunzwa vizuri utakuta pembeni yake kuna boksi la vidude. Kalibu ya kumiminia vichwa vya risasi, kipimo cha baruti, fimbo ndefu, kipande kifupi cha mtutu kilichokatwa chenye pini nne zimetokeza, na mara nyingi kitu cha chuma chenye mkono wa leva na ncha iliyofanana na ganda. Wanaouza hizi bunduki wanavijumlisha vyote kuwa ni "vifaa vya kujazia risasi" na wanaishia hapo. Mi naona hapo ndo mambo yanapovurugika, maana ndani ya lile boksi unaweza kukuta njia tatu tofauti kabisa za kufanya kazi moja, na ukizichanganya hutaelewa kwanini wale jamaa waliweza kupiga karibu tundu moja kwa madini laini na baruti ya moshi.

Tuanze na kitu ambacho wengi tunakijua. Risasi ya kawaida ina vitu vinne: ganda, fataki kule chini, baruti ndani, na kichwa kimebanwa kwenye mdomo wa ganda. Kinachoruka ni kichwa peke yake. Risasi ya kiwandani inakuja imeshaunganishwa, unaiingiza kwenye chemba, yaani kile chumba cha nyuma ya mtutu inapokaa risasi, unafunga, unapiga. Sasa wale wapiga shabaha wa zamani walikuwa wanavitenganisha makusudi. Kichwa kinaingia kwenye mtutu peke yake, kinakalishwa kabisa ndani ya michirizi ya mtutu, yaani ile mifereji iliyochongwa ndani yake kwa kuzunguka ili kichwa kitoke kinazunguka, halafu ndo ganda lenye baruti, mdomo wazi bila kichwa, linafuata nyuma yake. Kidude cha leva nilichokitaja kazi yake ni hiyo hatua ya kwanza, hakigusi ganda la baruti hata kidogo. Mtu akikwambia ni cha kubania kichwa kwenye ganda anakuambia kinyume kabisa cha kazi yake.

Hao watu walikuwa kina nani? Wengi walikuwa wahamiaji wa Kijerumani na Waswisi na watoto wao, walikuja Marekani na desturi yao ya vilabu vya shabaha, Schützenverein wanavyoviita wenyewe, na kila mji wenye Wajerumani wa kutosha ulikuwa na klabu na uwanja wake, familia zinakuja, bendi inapiga, bia ipo, na mshindi anavishwa ufalme wa mwaka. Mwaka 1895 walifanya tamasha kubwa la kitaifa Glendale Park kule Long Island, New York, na mwaka 1901 lingine karibu na San Francisco, kwenye uwanja wa Shell Mound. Mchezo wenyewe ulikuwa mgumu mno: unapiga umesimama, bila kuegemea popote, umbali wa yadi 200, yaani mita kama 183, na shabaha ina duara za pointi 25 kwenda chini, ile duara ya 25 kipenyo chake inchi moja na nusu tu, milimita 38. Kila duara inayofuata ni robo tatu ya inchi kutoka kwa mwenzake, kwa hiyo kosa dogo tu la bunduki, achilia mbali la mkono, limeshakula pointi.

Bunduki zilizopendwa zilikuwa Ballard iliyotengenezwa na Marlin, Winchester ya 1885 ambayo aliibuni John Browning, Stevens 44½, Remington-Hepburn, na kalibra, yaani saizi za risasi, zilizokuwa maarufu kuliko zote zilikuwa 32-40 na 38-55. Zote ni za kufungua kwa nyuma, unashusha leva, nyingi iko chini ila ya Hepburn iko pembeni, kizibo kinachofunga nyuma ya mtutu kinashuka, chemba iko wazi mbele ya macho yako. Hili jambo la chemba kuwa wazi na kunyooka na mtutu ni la muhimu, utalikumbuka baadaye mtu akishangaa mbona vifaa hivi havipo kwa bunduki za aina nyingine.

Sasa shida ilikuwa nini mpaka watu wahangaike hivyo?

Kichwa cha risasi cha wakati ule kilikuwa cha madini ya risasi yaliyochanganywa na bati kidogo, sehemu moja ya bati kwa sehemu 25 au 30 za risasi, hakina koti la shaba kama la leo. Ni laini. Ukikibana kwenye ganda na kuingiza risasi nzima kwenye chemba, kumbuka chemba lazima iwe pana kidogo kuliko ganda, la sivyo ganda haliingii wala halitoki. Huo upana mdogo unafanya ganda lilale chini, na kichwa kilichobanwa nalo kinakuwa chini kidogo ya mstari wa katikati wa mtutu, au kimeinama kidogo, nywele tu, jicho halioni. Baruti ikilipuka, kichwa kinasukumwa kwa nguvu kutoka kwenye ganda, kinaruka nafasi ndogo bila mwongozo, kinagonga mwanzo wa michirizi kikiwa kimeegemea upande, na kwa kuwa ni laini hakijinyooshi, kinabonyea hivyo hivyo kilivyo. Ni kama nati iliyoanza kushika parafujo kwa upande, ukiilazimisha kwa spana inaingia, lakini imeshaharibika.

Kichwa kilichoingia upande kinazunguka hewani huku uzito wake hauko katikati. Kikitoka mtutuni kinatupwa pembeni kidogo, na kila kimoja kinatupwa upande wake maana kila kimoja kiliinama kivyake. Hapo hata uwe na mkono wa jiwe, huwezi kukusanya risasi sehemu moja.

Kwa hiyo swali lote la hivi vifaa ni hili: nani anakinyoosha kichwa, ganda au mtutu? Ukiacha ganda likinyooshe, unategemea ganda liwe nyoofu, chemba iwe ya kubana, na bahati. Ukikikalisha kichwa kwenye michirizi kabla ya moto, mtutu wenyewe umeshakishika, kimeshachorwa michirizi, kimeshalala katikati, baruti inachobakiza kufanya ni kukisukuma. Mi naamini ukilishika swali hili moja, boksi zima la vidude linaeleweka lenyewe.

Njia ya zamani kuliko zote ni ya kupitia mbele, mdomoni. Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa sana habari ya kupakia kwa mdomo, gobole tunalijua, baruti inamiminwa mdomoni, inafuata risasi, inashindiliwa na mdeki. Tofauti ni kwamba gobole kwa kawaida halina michirizi ndani, risasi inashuka tu. Mtutu wa michirizi unataka kichwa kibane kweli kweli, na ukikilazimisha kuingia kwa mdomo kwa kugonga, kinaingia kimepinda, halafu unakwaruza mdomo wa mtutu, na mdomo wa mtutu ndo mahali pa mwisho kichwa kinapogusa kabla ya kwenda zake, ukiuharibu hapo umemaliza bunduki.

Dawa ilipatikana mwaka 1840, na aliyechukua hataza ni Alvan Clark wa Massachusetts, mtu ambaye baadaye yeye na wanawe walikuja kuwa watengenezaji maarufu kabisa wa lenzi za darubini za kuangalia nyota. Wazo lake linaitwa mdomo wa bandia. Fundi anatengeneza mtutu mrefu kuliko anavyotaka, anakata kipande cha mbele, anakiunganisha tena na mtutu kwa pini nne, halafu ndo anamalizia kutoboa na kuchonga michirizi vyote viwili vikiwa vimeshikana. Michirizi ya kipande na michirizi ya mtutu inakuwa imefuatana moja kwa moja bila kuruka. Kisha mdomo wa kile kipande unapanuliwa kidogo kama faneli ili kichwa kiingie kwa urahisi. Ukitaka kupakia unapachika kipande, pini zimepangwa kiasi kwamba haziingii ila kwa upande mmoja tu, unaweka kichwa kwenye faneli, unaweka kianzishio juu yake, yaani bomba dogo lenye pistoni ndani, unaligonga kwa kiganja, kichwa kinazama kimenyooka kikiwa kinaongozwa na kipande, hakikugusa mdomo halisi wa mtutu. Halafu fimbo inakimalizia.

Kuna kitu kimoja kwenye hivi vipande nakipenda sana. Vingi vina kijisehemu kilichosimama juu, kinaonekana hakina kazi yoyote. Kazi yake ni kuziba vilengeo. Mpigaji akisahau kukitoa kipande akaweka bunduki begani haoni shabaha, anakumbuka, maana akipiga hivyo kipande kinaruka kinaenda zake, na kipande kikipotea au kuharibika huwezi kutengeneza kingine cha kufanana maana kilikatwa kwenye mtutu ule ule.

Baadaye maganda ya shaba yakaja, bunduki za kufungua nyuma zikaja, na watu wengi wakaona mambo ya mdomoni yamekwisha. Mwaka 1874 Creedmoor, Long Island, Wamarekani wenye Remington na Sharps za kufungua nyuma waliwashinda Waairishi wenye bunduki za Rigby za kupakia mdomoni, kwa pointi 934 kwa 931, na pointi tatu hizo ni chache mno, Muairishi mmoja alipiga shabaha isiyo yake, vinginevyo hadithi ingekuwa nyingine. Kwa hiyo bunduki ya nyuma ilijionyesha kwamba inaweza, ila ushindi wenyewe ulikuwa wa kubanana, na wapiga shabaha wa yadi 200 wakabaki na swali lao lile lile la kichwa kuinama.

Aliyelijibu kwa njia ya ajabu ni Harry Pope. Alizaliwa 1861 New Hampshire, akafanya kazi Hartford, Connecticut, kwenye kiwanda cha baiskeli, huku jioni anachonga mitutu yake, mpaka sifa zake zikawa kubwa kuliko kazi ya mchana. Mwaka 1901 kampuni ya Stevens ikamchukua, baadaye akaondoka, akahamia San Francisco, na hakukaa, tetemeko la Aprili 1906 likaiangamiza karakana yake. Akarudi mashariki, Jersey City, akachonga mitutu hapo mpaka uzee, akafariki 1950. Mitutu yake ilikuwa na michirizi minane inayozunguka kushoto, na mzunguko unaongezeka kadiri unavyoenda mbele.

Mfumo wake ulichanganya vyote viwili: kichwa kinaingia kwa mbele kupitia mdomo wa bandia, baruti inaingia kwa nyuma ndani ya ganda. Mpigaji anafungua kizibo, anapachika mdomo wa bandia, anaweka kichwa kilichopakwa mafuta, anagonga kianzishio, anasukuma kwa fimbo iliyopimwa kwa urefu wa mtutu huo mpaka kichwa kifike mbele kidogo tu ya pale ganda litakapoishia, anatoa fimbo, anatoa mdomo wa bandia, halafu anachukua ganda, mara nyingi ni hilo hilo moja tu siku nzima, ametoa fataki iliyokwisha akaweka mpya, amejaza baruti, analiingiza nyuma, anafunga, anapiga. Halafu anaanza upya.

Mbona ahangaike kwa mbele wakati nyuma pako wazi? Jibu liko kwenye kitako cha kichwa, na hapa naomba tukae kidogo.

Kichwa cha madini laini kikisukumwa kwenye michirizi, ile migongo ya michirizi, yaani sehemu zilizoinuka kati ya mifereji, inakata madini, na madini yanayokatwa lazima yaende mahali, yanavutwa kurudi nyuma kinyume na mwendo. Ukisukuma kutoka nyuma kwenda mbele, yanajikusanya kwenye ukingo wa kitako, yanatoka kama vijipezi vidogo. Ukisukuma kutoka mbele kwenda nyuma kitako ndo kinatangulia, kwa hiyo vijipezi vinabaki upande wa pua, na kitako kinabaki safi, mviringo kamili. Pope alishikilia kwamba kitako ndo kinachoamua, kwa sababu kichwa kikitoka mdomoni mwa mtutu gesi inatoka nyuma yake kwa nguvu kubwa, na kitako kikiwa na kasoro upande mmoja gesi inatoka upande huo mapema na kukisukuma kichwa pembeni. Daktari mmoja wa Milford, Massachusetts, Franklin Mann, alitumia miaka mingi kupima mambo haya, akawa anaharibu vichwa makusudi, vingine puani vingine kitakoni, anapiga anapima, na kitabu alichotoa mwaka 1909 kilionyesha wazi: pua ikiharibika madhara ni madogo ajabu, kitako kikiharibika kidogo tu risasi zinatawanyika. Na faida nyingine ya kupitia mbele ni kwamba kila kichwa kinaposhuka kinafagia masizi ya risasi iliyopita kuyarudisha nyuma, kwa hiyo hali ya ndani ya mtutu inakuwa ile ile kila mara.

Tarehe 16 Mei 1901, kule Boulder, Colorado, C. W. Rowland aliweka mtutu wa Pope kwenye egemeo akapiga risasi 10 kwa yadi 200, katikati ya tundu hadi katikati ya tundu lililo mbali zaidi ikapatikana inchi 0.725, milimita 18 na kidogo. Kumi zote! Kwa vichwa vya kumimina nyumbani. Shabaha hiyo imezungumzwa miaka na miaka na mi kila nikiifikiria naona ndo hoja kubwa kuliko zote ya kukalisha kichwa kabla ya moto.

Lakini siyo kila mtu alikuwa na mtutu wa Pope, na siyo kila mtu aliutaka usumbufu wa mbele. Hapo ndo kinaingia kidude cha nyuma, na ndicho kinachochanganya watu.

Aina yake ya kwanza ni rahisi mno. Unachukua ganda la kalibra ile ile, unaziba ndani kwa mbao ngumu au chuma, na kizibo kinatokeza kidogo mbele ya mdomo wa ganda. Unaweka kichwa kwenye chemba kwa kidole, unaingiza hilo ganda lililozibwa nyuma yake, unasukuma kwa kiganja au dole gumba. Ganda likifika mwisho wa chemba, kile kizibo kilichotokeza kimeshakisukuma kichwa ndani ya michirizi na kukiacha mbele kidogo ya mahali ganda la kweli litakapoishia. Urefu wa kizibo ndo unaamua kina, hauhitaji kufikiri. Ukiona ganda la zamani la 32-40 limezibwa hivi usilitupe, hiyo ni kazi ya mtu.

Tatizo lake ni nguvu. Kichwa kizuri cha aina hii kinatengenezwa kikiwa na pua nyembamba inayopita juu ya migongo ya michirizi, na kitako kinene kinachojaza michirizi kabisa, kwa hiyo pua inaingia bila shida ila ile mikanda ya nyuma inakataa. Mtutu ukiwa safi unaweza kwa mkono. Ukiwa na masizi yaliyokauka ya baruti nyeusi, ile ya moshi, dole gumba linauma, na mbaya zaidi nguvu zinakuwa hazilingani, kimoja kimezama vizuri kingine kimebaki nyuma kidogo.

Ndo likaja leva. Mafundi kama George Schoyen wa Denver, pamoja na Pope mwenyewe, walitengeneza vikalishio ambavyo mwili wake unaingia kwenye chemba kama ganda na kuifuata kwa kubana, ndani yake kuna pistoni, na nyuma kuna mkono. Sehemu ya kidude inajishika kwenye mwili wa bunduki pale kizibo kilipokuwa kabla hakijashuka, hapo panakuwa egemeo, unavuta mkono, pistoni inaenda mbele taratibu kwa nguvu nyingi na kwa mstari ulionyooka na tundu la mtutu. Kiganja hakihusiki, kwa hiyo hakuna kusukuma kwa pembeni. Pistoni inagota mwisho wake, kichwa kimefika, kila mara pale pale. Na kuna kitu ambacho leva inakupa bure: mkono unahisi. Ukivuta ukaona imekuwa ngumu kuliko mara iliyopita, mtutu umeanza kukauka masizi, futa kabla hujapoteza pointi. Ikiwa laini kupita kawaida, kichwa kilitoka kalibuni kidogo, kitoe.

Kina chenyewe kilikuwa kidogo sana, kitako cha kichwa kinakaa kama moja ya thelathini na mbili mpaka moja ya kumi na sita ya inchi mbele ya mdomo wa ganda, yaani milimita moja hivi mpaka moja na nusu. Kinatakiwa kisiguse ganda maana kikigusa ganda linaanza tena kukielekeza, na kisiende mbali maana nafasi tupu kati ya baruti na kichwa siyo kitu cha kuchezea. Ganda liko wazi mdomoni, baruti inaweza kumwagika ukiinamisha bunduki, kwa hiyo wengi waliweka kikaratasi kigumu juu ya baruti, na hapo kuna hatari moja ambayo wakusanyaji wa leo wanaiona kwa macho: baruti ndogo isiyo na moshi, kikaratasi juu yake, nafasi tupu mbele, kikaratasi kinarushwa kinagonga kitako cha kichwa, na ukuta wa chemba unavimba pete pale pale. Ukichungulia na taa unaiona pete. Chemba yenye pete inashika maganda, na bei ya bunduki inashuka.

Baruti yenyewe ilikuwa nusu ya vita. Nyeusi inaacha masizi magumu, kwa hiyo wakaanza kuweka kiasi kidogo cha baruti isiyo na moshi chini kabisa ya ganda halafu nyeusi juu yake, ikawa inaungua safi zaidi na masizi yanabaki laini, kichwa kinachofuata kinakalishika bila kufuta mtutu kila mara. Ukiwa na kikalishio cha leva na baruti ya namna hiyo, ile faida ya Pope ya kufagia masizi inapungua uzito, na ndo maana wengi waliridhika na nyuma. Vile vijipezi vya kitakoni vipo, ndiyo, ila vikiwa sawa pande zote madhara yake ni madogo kuliko kichwa kilichoinama. Mi nikipima hoja zote mbili naona Pope alikuwa sahihi kwa nadharia, na leva ilikuwa sahihi kwa mtu mwenye mchana mmoja na risasi 50 za kupiga.

Sasa ile familia ya tatu, inayosababisha mchanganyiko wote. John Barlow alianzisha Ideal Manufacturing kule New Haven, Connecticut, mwaka 1884, akawa anauza vifaa vinavyofanana na koleo, unabana, kichwa kinaingia kwenye ganda. Kampuni ilinunuliwa na Marlin mwaka 1910 na ikaishia kwa Lyman mwaka 1925, vifaa vyake vilisambaa kila mahali, kwa hiyo mtu akisikia kukalisha kichwa picha inayomjia ni hiyo koleo. Kukawa pia na vile vya bomba nyoofu, ganda linaingia chini kichwa kinaingia juu, pistoni inabana, lengo likiwa ganda na kichwa viwe mstari mmoja. Ni vifaa vizuri, lakini vinajibu swali kwa upande ule mwingine, vinataka ganda ndo linyooshe kichwa. Mwindaji hana njia nyingine, huwezi kukimbizana na mnyama huku unakalisha kichwa kwa leva halafu unatafuta ganda mfukoni.

Na kuingia risasi moja kwa wakati siyo dalili kwamba bunduki ilitumia kikalishio. Askari wa jeshi la Mjerumani hapa Tanganyika wengi walibeba Mauser ya 1871, risasi moja moja, baruti nyeusi, mpaka vita vya Tanga Novemba 1914 moshi wake ulikuwa unawaanika walipo. Ila risasi zake zilikuja zimeshaunganishwa kutoka kiwandani, hakuna askari aliyekalisha kitu. Vikalishio vilikuwa vya mtu aliyesimama mahali pamoja, mwenye meza, mwenye muda, anayetafuta ile duara ya milimita 38.

Vita hivyo hivyo, vya kwanza vya dunia, ndo vilivunja mchezo kule Marekani, chochote chenye jina la Kijerumani kikawa kinaangaliwa vibaya, vilabu vikafungwa au vikabadili majina, na viwanda vikaacha hizi bunduki. Waliobaki waliunda chama chao, American Single Shot Rifle Association, mwaka 1948, na mpaka leo wanapiga shabaha kwa mitindo hiyo, na mafundi wanatengeneza vikalishio vipya vya leva kwa bunduki za zamani na mpya, kwa maana ufundi wenyewe haujapitwa, kichwa cha kumimina bado kinaenda vizuri kikikalishwa.

Kwa hiyo ukikutana na kidude kama hiki, iwe makumbusho au mnadani mtandaoni, angalia vitu vichache. Kina nafasi ya kuingiza ganda na kichwa vyote viwili? Basi ni cha kubania kwenye ganda, familia ya Ideal. Ncha yake yenyewe ina umbo la ganda na kuna pistoni au kizibo kinachotokeza? Ni cha kukalisha kwa nyuma, na lazima kiendane na chemba ya kalibra hiyo pamoja na umbo la bunduki pale kinapojishika, cha Ballard hakishiki kwenye Winchester hata kalibra ikiwa moja. Ni kipande cha mtutu chenye pini? Huo ni mdomo wa bandia, na hapo swali la kumuuliza muuzaji ni moja tu, mtutu wake uko wapi, na ukipata jibu uliza kama pini zinaingia zote nne na kama michirizi ya ndani inafuatana ukichungulia, maana vipande vingi vilishaachana na mitutu yake siku nyingi na vinauzwa peke yake kwa bei ambayo hakuna bunduki duniani itakayoirudisha isipokuwa ile moja.